Neno la Jaji, Sikio la Juri: Maelekezo ya Mahakama, Rufaa na Nafasi ya Fasihi

1.0 Utangulizi

Wahakiki walioshughulikia kesi katika fasihi wamevutiwa zaidi na vinywa viwili: kinywa cha wakili na kinywa cha mshtakiwa. Hotuba ya Portia juu ya huruma katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, ni mfano mmoja tu wa usemi wa kizimbani uliozoeleka madarasani. Kinywa cha tatu, yaani kinywa cha jaji anapowaeleza waamuzi jinsi wanavyopaswa kuamua, hakijapewa uzito unaostahili. Aghalabu huchukuliwa kuwa ni sehemu kavu ya shughuli, daraja la kuvuka tu kutoka kwa hotuba za mawakili hadi kwenye hukumu.

Makala haya yanapinga mtazamo huo. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, kesi kubwa ya jinai imezoeleka kuamuliwa na juri, yaani baraza la raia 12 wasiokuwa wanasheria. Juri huamua ukweli wa mambo. Jaji hueleza sheria. Kabla raia hao hawajajifungia chumbani kushauriana, jaji huwapa maelekezo: ni nani mwenye mzigo wa kuthibitisha, shaka ya aina gani yatosha kumwachilia mtu, ni kosa gani linalohitaji nia na ni lipi lisilohitaji. Maelekezo hayo yakipotoka, aliyetiwa hatiani anaweza kukata rufaa. Mahakama ya rufaa huwa haianzi kwa kuuliza kama mtu huyo alitenda au hakutenda. Huuliza kwanza: maneno haya, yakimfikia msikilizaji wa kawaida, yangemfanya aelewe nini?

Swali hilo ni swali la mhakiki wa fasihi. Ni swali la maana, la msemaji na mpokezi, la neno na muktadha wake. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba rufaa inayotokana na maelekezo mabaya ni tendo la uhakiki, ila ni uhakiki wenye mpaka: husahihisha neno lakini haina uwezo wa kulichunguza sikio. Fasihi, kwa upande wake, imefanya kazi yake iliyo bora zaidi pale ilipoanzia katika mpaka huo. Ili kuithibitisha hoja hii, makala yatachunguza kesi moja ya kihistoria kutoka Uingereza, kazi mbili za Kimarekani, na hatimaye hali ya Kenya, ambako juri ilikuwa na rangi ya ngozi na ambako hata baada ya juri kutoweka lugha yake imebakia.

2.0 Rufaa kama Uhakiki: Kesi ya Woolmington

Hakuna mfano ulio wazi kuliko kesi ya Reginald Woolmington. Kijana huyu wa miaka 21, kibarua wa shambani katika sehemu za Dorset, alioa mnamo Agosti 1934. Kabla mwaka haujaisha mkewe alikuwa amemwacha na kurudi kwa mama yake. Tarehe 10 Desemba 1934 Woolmington alichukua bunduki kuukuu kutoka kwa tajiri wake, akaikata mtutu, akaenda nayo kwa mkewe. Mke alikufa kwa risasi. Maelezo ya mume yalikuwa kwamba alikusudia kumtisha mkewe kuwa atajiua asiporudi, na kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya alipokuwa akimwonyesha.

Juri ya kwanza, mjini Taunton, ilishindwa kukubaliana. Katika kesi ya pili, mjini Bristol mnamo Februari 1935, Jaji Swift aliielekeza juri kwamba upande wa mashtaka ukishathibitisha kuwa marehemu alikufa mikononi mwa mshtakiwa, kuua huko huhesabiwa kuwa ni kwa kukusudia, mpaka mshtakiwa mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Juri ilimwona na hatia. Hukumu ilikuwa kifo.

Maelekezo hayo yastahili kutazamwa kwa makini kama matini. Jaji hakusema uongo juu ya jambo lolote lililotokea. Hakuficha ushahidi, wala hakumtukana mshtakiwa. Alichofanya ni kupanga upya zamu za kusema. Kabla ya maelekezo, upande wa mashtaka ndio uliokuwa na deni la kueleza. Baada ya maelekezo, deni lilihamia kwa kijana aliye kizimbani. Juri iliyobaki njia panda, isiyojua kama bunduki ilifyatuliwa au ilifyatuka, ingepaswa kumwachilia kwa mpango wa kwanza na kumtia hatiani kwa mpango wa pili. Ushahidi ni ule ule, shaka ni ile ile, lakini sarufi ya shaka imegeuzwa, na pamoja nayo uhai wa mtu.

Mahakama ya Rufaa za Jinai iliitupa rufaa. Ilikiri kwamba huenda ingekuwa bora jaji angewaambia waamuzi waziwazi kuwa wakiwa na shaka ya maana wasimtie mshtakiwa hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia; hata hivyo ilijificha nyuma ya kifungu cha Sheria ya Rufaa za Jinai ya 1907 kinachoruhusu rufaa kutupwa iwapo hakuna udhalimu mkubwa uliotokea. Kwa lugha ya uhakiki, mahakama hiyo ilisema kwamba kasoro ya fani haikuathiri maudhui. Baraza la Mabwana lilikataa mgawanyo huo. Mwaka 1935, kupitia uamuzi ulioandikwa na Sankey, aliyekuwa Lord Chancellor wakati huo, lilitengua hatia na Woolmington akaachiliwa huru.

Jinsi Sankey alivyofikia uamuzi wake inafanana sana na kazi ya mwanafilolojia. Aliyafuata maneno ya Jaji Swift hadi kwenye kitabu cha Sir Michael Foster cha mwaka 1762, kisha akauliza Foster mwenyewe aliyatoa wapi na alikusudia nini. Aligundua kwamba maneno yaliyokuwa yakinukuliwa kizazi baada ya kizazi yalikuwa yamejengewa mamlaka kwa kurudiwa tu. Neno halipati ukweli kwa sababu limenakiliwa mara nyingi: hilo ni funzo ambalo kila aliyewahi kulinganisha miswada ya tenzi analijua.

Hata hivyo, uamuzi wa Sankey nao ni matini, na haustahili kusomwa kwa unyenyekevu. Sitiari yake mashuhuri ni ile ya uzi wa dhahabu unaoonekana daima katika kitambaa chote cha sheria ya jinai ya Kiingereza, uzi huo ukiwa ni wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha hatia ya mshtakiwa. Uzuri wa sitiari hii umewafanya wengi wasiulize swali jepesi: kama uzi ulionekana daima, mbona Jaji Swift hakuuona? Mbona majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa za Jinai hawakuuona? Neno 'daima' hapa linafanya kazi ya kisanaa. Linafanya jambo lililoamuliwa siku ile lionekane kuwa la kale. Aidha, Sankey mwenyewe aliacha mafundo katika uzi huo, kwa kuwa alitaja utetezi wa wazimu na hali zinazowekwa na Bunge kuwa ni nje ya kanuni. Sitiari basi imetenda mambo mawili: imemwokoa mtu na kitanzi, na imeficha historia yake yenyewe. Mhakiki hana budi kuyaona yote mawili.

3.0 Karatasi na Sauti: Mpaka wa Rufaa

Maelekezo ya jaji ni usemi wa mdomo. Yana toni, kasi, vituo, pengine na mkono unaopungwa. Ili yaweze kukatiwa rufaa ni lazima kwanza yageuzwe kuwa maandishi. Sheria ile ile ya 1907 iliagiza mwenendo wa kesi unukuliwe kwa hati mkato, na bila agizo hilo rufaa ya namna ya Woolmington ingekuwa vigumu kuwazika. Lakini mtafiti yeyote wa fasihi simulizi anajua gharama ya kunakili. Hadithi iliyoandikwa kutoka kinywani mwa fanani haina macho yake wala mnyamazo wake. Vivyo hivyo, mahakama ya rufaa hupokea maneno yaliyokwisha kukauka. Jaji aliyesema maneno sahihi kwa sauti ya dharau, karatasini huonekana amesema maneno sahihi.

Mpaka wa pili uko upande wa mpokezi. Mapokeo ya sheria ya Kiingereza hulinda siri ya chumba cha juri. Kwa kawaida mahakama ya rufaa haiwaiti waamuzi 12 kuwauliza walivyoelewa. Badala yake hujenga msikilizaji wa kuwaziwa: mtu wa akili ya wastani, aliyesikia kila neno, aliyelielewa na kulitii. Mtu huyu ni ndugu wa karibu wa msomaji anayedokezwa katika nadharia ya Wolfgang Iser. Ni kiumbe cha matini, si kiumbe cha damu. Sheria haiwezi kufanya kazi bila yeye, kwani ikimwacha italazimika kuingia katika mioyo ya watu. Fasihi haina kizuizi hicho. Fasihi inaweza kuufungua mlango uliofungwa.

4.0 Twelve Angry Men: Neno Sahihi, Sauti Mfu

Reginald Rose aliufungua mlango huo katika Twelve Angry Men, mchezo uliorushwa kwenye televisheni nchini Marekani mwaka 1954 na kugeuzwa filamu na Sidney Lumet mwaka 1957. Si jambo la bahati kwamba filamu inaanza mahali ambapo kesi nyingi za kisanaa humalizikia. Mawakili wamekwisha kusema. Jaji anatoa maelekezo ya mwisho: mtu mmoja amekufa, uhai wa mwingine uko mashakani, ikiwepo shaka ya maana, aachiliwe, uamuzi uwe wa wote kwa kauli moja, akionekana na hatia, adhabu ni kifo.

Kisheria, maelekezo haya yana msingi wa kutosha, na mahakama ya rufaa ikiyasoma haitapata mahali pa kushika. Lakini filamu inamwonyesha jaji aliyechoka, anayeyasema maneno ya uhai na mauti kama karani asomaye orodha ya bidhaa. Uchovu huo haunakiliki. Kamera ndiyo imeunasa, na kwa kuunasa imesema jambo ambalo rufaa haiwezi kulisema: kwamba neno sahihi lililotamkwa bila imani humfikia msikilizaji likiwa limekwisha kufa.

Matokeo yake yanaonekana mara moja chumbani. Kura ya kwanza ni 11 kwa 1 dhidi ya mshtakiwa. Mwamuzi wa pili anapoulizwa sababu yake, anaeleza kwamba mshtakiwa alionekana ana hatia tangu mwanzo na hakuna aliyethibitisha vinginevyo. Mwamuzi wa nane anamkumbusha kwamba hakuna anayelazimika kuthibitisha vinginevyo. Mzigo uko kwa upande wa mashtaka, na mshtakiwa halazimiki hata kufungua kinywa. Majibizano haya mafupi ndiyo kiini cha kazi nzima. Kosa la mwamuzi wa pili ni lile lile la Jaji Swift, neno kwa neno kwa jinsi ya maana yake. Tofauti ni kwamba huko Bristol kosa lilikuwa kinywani mwa jaji, likaandikwa, likasahihishwa; huku liko sikioni mwa mwamuzi, mahali ambapo hakuna mwandishi wa hati mkato.

Kwa hiyo si sahihi kudai, kama inavyodaiwa mara kwa mara, kwamba Twelve Angry Men ni sifa kwa mfumo wa juri. Mfumo ulikwisha kushindwa kabla mlango haujafungwa, kwani waamuzi 11 walitoka mahakamani na maana iliyo kinyume na maneno waliyoyasikia. Anayeokoa hali ni mtu mmoja aliyeyachukua maelekezo mfu na kuyatamka upya. Mwamuzi wa nane ni jaji wa pili, asiye na joho, anayetoa maelekezo yale yale kwa sauti iliyo hai. Swali linalobaki kwa hadhira ni zito: je, siku ambayo hayumo chumbani?

5.0 To Kill a Mockingbird: Maelekezo ya Kusikia kwa Watu

Riwaya ya Harper Lee ya 1960 inajibu swali hilo. Tom Robinson, mtu mweusi katika mji wa kubuni wa Maycomb, Alabama, anashtakiwa kwa kumbaka mwanamke mweupe. Atticus Finch anamtetea na, kwa mizani ya akili, anaubomoa ushahidi wote. Juri inamtia hatiani.

Jambo ambalo limepita bila kuzingatiwa vya kutosha ni kwamba msomaji hayasikii maelekezo ya Jaji Taylor. Usimulizi unawaondoa watoto mahakamani. Wamepelekwa nyumbani kula. Wanaporudi, juri imekwisha kuingia chumbani, na Mchungaji Sykes ndiye anayewasimulia kwamba jaji aliwaelekeza kwa haki, akiwapa njia zote mbili, na kwamba hata ilionekana aliegemea kidogo upande wao. Jem anamjibu kwamba jaji hapaswi kuegemea.

Jibu hilo la mtoto lina kejeli kali. Jem amejifunza kanuni na anaiamini. Anadhani hatari iko katika jaji kuegemea. Hajui kwamba juri imeegemea tangu kuzaliwa kwake. Lee amewaweka watoto mbali na maelekezo kwa sababu, katika ulimwengu wa Maycomb, maelekezo hayabadilishi kitu. Yawe ya haki, yawe ya upendeleo, sikio limekwisha kuamua. Waswahili husema sikio la kufa halisikii dawa; hapa sikio ni zima, ila linaloua ni lenyewe.

Rufaa nayo imo katika riwaya hii. Atticus ana matumaini nayo, na anamwambia Tom kwamba ipo nafasi nzuri. Tom hasubiri. Anauawa kwa risasi gerezani akijaribu kutoroka. Kifo hicho huelezwa kama kukata tamaa, lakini chaweza pia kusomwa kama hukumu ya Tom juu ya rufaa. Mtu aliyeona maneno ya haki yakishindwa mahakamani hana sababu ya kuamini kwamba maneno yale yale yatashinda karatasini.

Hata hivyo, hapa ndipo riwaya inapostahili lawama. Wahakiki wengi wameihusisha na kesi za Scottsboro, ambazo zilianza huko huko Alabama mwaka 1931 dhidi ya vijana tisa weusi. Katika kesi ya Haywood Patterson mwishoni mwa mwaka 1933, Jaji William Callahan aliiambia juri kwamba sheria inamchukulia mwanamke mweupe kuwa hawezi kuridhia kwa hiari kulala na mtu mweusi, na alisahau kueleza utaratibu wa kumwachilia mshtakiwa mpaka mawakili walipomkumbusha. Mwaka 1935 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilitengua hukumu za Patterson na mwenzake Clarence Norris, si kwa sababu ya maneno ya Callahan bali kwa sababu watu weusi walikuwa wamefungiwa nje ya orodha za juri. Yaani sheria, kwa mara moja, iliachana na neno ikalitazama sikio.

Ukilinganisha Callahan na Taylor, inadhihirika kwamba Lee amelisafisha benchi. Amemweka mtu mwema kwenye kiti cha jaji ili uovu wote ubaki kwa wakulima maskini waliokaa kwenye viti vya juri. Kwa kufanya hivyo ameonyesha kwa ustadi jinsi neno la haki linavyofia katika sikio la ubaguzi. Lakini ameificha historia ambamo neno lenyewe lilitoka kinywani mwa jaji likiwa limekwisha kuoza. Ubaguzi wa Alabama haukuwa tu ukaidi wa wasikilizaji dhidi ya sheria. Mara nyingine ulikuwa ni utiifu wao kwa sheria kama walivyoelekezwa.

6.0 Kenya: Juri ya Rangi na Jaji Ajielekezaye

Msomaji wa Kenya aweza kudhani kwamba mjadala huu ni wa ng'ambo, kwa kuwa hakuna juri katika mahakama zake. Dhana hiyo ni ya haraka mno. Katika koloni la Kenya juri ilikuwepo, lakini ilikuwa haki ya mshtakiwa Mzungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni yasiyomfunga jaji, na maneno yakapitia kinywani mwa mkalimani. Mzungu alipewa wasikilizaji wenye nguvu ya kuamua. Mwafrika alipewa wasikilizaji wenye ruhusa ya kusikia.

Juri hiyo ya Wazungu imeacha alama yake katika fasihi. Mwaka 1923 mlowezi mmoja alishtakiwa mjini Nakuru baada ya kijana Mwafrika aitwaye Kitosch, aliyeadhibiwa kwa kumpanda farasi wa bwana wake, kupigwa, kufungwa kamba na kufa usiku. Madaktari wa utetezi walidai kwamba kilichomuua ni nia yake mwenyewe ya kufa. Juri ya Wazungu ilimwona mshtakiwa na hatia ya kudhuru vibaya tu, naye akafungwa miaka miwili. Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani.

Karen Blixen aliisimulia kesi hii katika Out of Africa ya mwaka 1937. Usimulizi wake una ubaridi wa kumbukumbu za mahakama, na wapo wanaoona kejeli ndani ya ubaridi huo. Lakini mwishoni anaigeukia ile nia ya kufa na kuitukuza, kana kwamba ni fahari ya kiumbe wa porini ajuaye kuondoka wakati wake ukifika. Katika hatua hiyo masimulizi yanaacha kuwa hoja dhidi ya uamuzi wa juri na kuwa mapambo yake. Tasnifu ya utetezi, iliyobuniwa ili kumpunguzia mlowezi hatia, imepokewa kama ukweli kisha ikapakwa rangi ya uzuri. Rufaa ni silaha ya aliyetiwa hatiani. Maiti hana rufaa. Mahali pekee ambapo kesi ya Kitosch ingeweza kusikilizwa upya palikuwa ni katika fasihi, na fasihi hiyo iliithibitisha hukumu.

Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1976, inashika njia iliyo kinyume. Katika historia, Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu wa baraza Waafrika, rufaa zake zikatupwa, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kumbukumbu za kesi hiyo zilikuja kuchapishwa kitabuni mwaka 2017, chini ya uhariri wa Julie MacArthur. Watunzi wa mchezo hawakuwa na karatasi hizo, na kwa hakika hawakujishughulisha kuzitafsiri. Walimbuni Shaw Henderson, ambaye ni jaji mahakamani na ndiye huyo huyo aingiaye selini kumshawishi mfungwa akiri na kusalimu amri.

Baadhi ya wahakiki wamemwona Henderson kuwa ni mhusika bapa, kikaragosi cha ukoloni. Akitazamwa kwa mujibu wa hoja ya makala haya, ubapa wake una maana. Katika mahakama isiyokuwa na wasikilizaji wenye uwezo wa kuamua, jaji hana wa kumwelekeza ila yeye mwenyewe. Kinywa na sikio vimekuwa vya mtu mmoja. Henderson ni taswira ya hali hiyo: anayeshtaki, anayeshawishi, anayeelekeza na anayeamua ni nafsi moja. Ndiyo maana Kimathi wa mchezoni anakinyamazia kiti hicho kinapomtaka ajibu mashtaka. Ukimya wake haufanani na ule wa mshtakiwa wa Marekani, ambao ni haki anayopewa na sheria. Wake ni kukataa kuwa sehemu ya mazungumzo ambayo jaji anazungumza na nafsi yake.

Jambo hili halikuishia katika ukoloni. Juri haikudumu katika Kenya huru, na wazee wa baraza nao waliondolewa katika kesi za jinai mwaka 2007. Hata hivyo, mawakili wa Kenya wanapokata rufaa bado huandika kwamba jaji alijielekeza vibaya. Usemi huo ni kisukuku cha kiisimu: juri imekufa, kitenzi chake kimebaki, na kimegeuka kuwa cha kujirejea. Kiambishi '-ji-' kimebeba historia nzima ya taasisi. Kinamtaka jaji ajigawe, awe msemaji anayetamka kanuni na msikilizaji anayeitii, kisha aandike mazungumzo hayo ya ndani ili mahakama ya juu ipate kuyahakiki. Hukumu iliyoandikwa vizuri inaonyesha mgawanyo huo. Iliyoandikwa vibaya inatamka kwamba mzigo uko kwa upande wa mashtaka, kisha katika aya zinazofuata inamuuliza mshtakiwa kwa nini hakujieleza. Mwamuzi wa pili wa Twelve Angry Men yumo ndani ya joho.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maelekezo ya jaji ni utungo wenye msemaji, mpokezi na athari, na kwamba rufaa inayotokana nayo ni uhakiki unaofanywa pale ambapo kosa la usomaji lina gharama ya uhai. Kesi ya Woolmington imedhihirisha nguvu ya uhakiki huo: zamu za kusema zilirudishwa mahali pake, na mtu akaishi. Twelve Angry Men na To Kill a Mockingbird zimedhihirisha mpaka wake: neno laweza kuwa sahihi karatasini na likaharibika katika sauti au katika sikio. Mifano ya Kenya imeonyesha kwamba hata swali la nani asikilize ni swali la mamlaka kabla ya kuwa swali la maana.

Wapo watakaodai kwamba uchambuzi wa namna hii unaiingiza fasihi katika shamba la wanasheria. Dai hilo lina udhaifu. Mwanasheria anapouliza maneno yana maana gani kwa msikilizaji wa kawaida, yeye ndiye aliyeingia shamba la fasihi, na mara nyingi ameingia bila jembe. Kwa upande mwingine, mhakiki anayesoma tamthilia ya mahakamani huku akiruka maneno ya jaji amekiacha kiungo kinachobeba uzito. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wana matini nyingi za kurudia kwa jicho hili: kila riwaya na kila tamthilia yenye kizimba inastahili kuulizwa ni nani anayeeleza kanuni, kwa sauti gani, kwa lugha ya nani, na ni nani aliyepewa sikio lenye uwezo wa kukataa. Mahali ambapo mtunzi amelinyamazia swali hilo, ukimya wenyewe ni ushahidi unaopaswa kupimwa.